Maua ya ndani Mabatini: gharama kubwa iko chumbani

Mpangaji wa Mabatini, Mwanza, anayetaka ua la ndani huanza kwa kuuliza bei. Afadhali aanze na chumba chake. Nyumba nyingi za kata hii, za bondeni kando ya Mto Mirongo na zile zilizopanda kilima katikati ya majabali, zimeezekwa bati, na zisizo na dari hupokea joto kutoka juu mchana kutwa. Jabali la nyuma ya nyumba nalo, likishapigwa na jua tangu asubuhi, huendelea kutoa joto hata baada ya magharibi. Mmea utakaochanua kwa miezi kwenye chumba chenye dari na dirisha la mashariki unaweza kunyauka ndani ya wiki chache kwenye chumba cha jirani chenye bati tupu. Hapo aliyenunua kwa bei ya chini ndiye aliyepata hasara.

Kwa hiyo kipimo ninachokitumia hapa ni shilingi kwa kila mwezi ambao ua limechanua ndani ya nyumba yako. Chukua hesabu hii ya mfano, kisha uweke bei utakayotajiwa siku hiyo. Okidi ya shilingi 60,000 ikichanua miezi mitatu na isichanue tena, kila mwezi wa maua umekugharimu 20,000. Urujuani wa Usambara wa shilingi 10,000, pamoja na 5,000 ya chungu na udongo, ukichanua miezi minane ndani ya mwaka wa kwanza, kila mwezi umekugharimu chini ya 1,900. Mwaka wa pili mmea na chungu vimeshalipiwa, na kinachobaki ni mbolea kidogo na uangalizi wako. Pengo la namna hiyo hulioni ukiwa umesimama mbele ya muuzaji, kwa sababu pale kila ua limechanua na kila ua linapendeza.

Tabia ya nchi ya Mwanza haina ubaya kwa mimea hii. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, mchana joto hufika nyuzi 28 hivi na usiku hushuka hadi 17 au 18. Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya utafiti wa mimea mwaka 1902, iko mita 900 hivi. Sisi tuko juu kuliko wao. Kinachotutenganisha nao ni mvua nyingi, msitu na ukungu wa milimani, na hapa kwetu paa la bati lisilo na kitu chini yake. Mambo hayo ndiyo utakayokuwa unayalipia, moja baada ya jingine.

Dirisha kwanza

Mwanza iko nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta, na hilo linafuta ushauri mwingi ulioandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, unaosema dirisha la kusini lina jua na la kaskazini lina kivuli. Kwetu jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba, kisha linahamia kusini hadi Machi nyingine. Dirisha la kaskazini lisilopata jua hata kidogo mwezi Desemba litaingiza jua la moja kwa moja mwezi Juni, hasa kama paa halijajitokeza sana nje ya ukuta. Mtu huona ua lake limependeza miezi mitano, halafu Juni majani yanababuka, naye anadhani limerogwa au limezeeka. Jua limehama tu, na dawa yake ni kulisogeza ua hatua moja ndani.

Dirisha la mashariki ndilo bora mwaka mzima kwa sababu jua lake huja asubuhi, chumba kikiwa bado kimepoa. La magharibi ndilo gumu. Jua lake huingia alasiri, saa ambayo bati limeshapasha chumba kizima. Kama ndilo pekee ulilonalo, weka pazia jepesi jeupe, au chagua mmea wa jua kali.

Kupima mwanga hakuhitaji kifaa. Saa sita mchana weka karatasi nyeupe mahali unapotaka kuweka ua, kisha nyoosha kiganja futi moja juu yake. Kivuli chenye kingo kali kina maana ya jua la moja kwa moja. Kivuli kinachoonekana lakini kingo zake zimefifia ni mwanga unaopendwa na maua mengi ya ndani. Usipoona kivuli chochote, mmea wowote wa maua utakaoweka hapo utaishi kwa majani tu, na baadaye hata majani utayakosa. Kumbuka pia kwamba wavu wa mbu, grili na pazia vyote hula mwanga. Wavu usiuondoe, malaria ni gharama nyingine kabisa. Ufute vumbi tu, maana vumbi la kiangazi, Juni hadi Septemba, huziba matundu yake.

Joto nalo lina njia yake ya bure. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo juu ya kabati ndipo mahali pabaya kuliko pote kwenye chumba cha bati, na ndipo wengi wetu tunapoweka maua ili watoto wasiyafikie. Stuli fupi karibu na dirisha, mahali upepo unapopita, huleta nafuu kubwa. Kipimajoto cha ukutani hakitakugharimu sana, na kitakusaidia kuamua. Kiache pale ua litakapokaa na ukisome saa nane mchana kwa wiki moja. Kikizidi 30 karibu kila siku, usinunue urujuani wala okidi.

Mtanzania aliyezunguka dunia

Urujuani wa Usambara ndio ninaoupendekeza kwa chumba chenye dari, na sababu zangu ni za mfukoni kuliko za uzalendo, ingawa uzalendo nao upo. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alimpelekea baba yake huko Ujerumani mbegu za mmea mdogo wenye maua ya zambarau. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa jina Saintpaulia ionantha. Mwaka 1926 bustani ya Armacost & Royston ya Los Angeles iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, na katika miche iliyoota zikachaguliwa aina kumi zilizofungua njia ya ua hili kuenea kwenye madirisha ya Marekani. Wataalamu wa leo wameuweka ndani ya jenasi ya Streptocarpus, lakini wauzaji na wapenzi wake bado wanatumia jina la zamani.

Ndugu zake wa porini bado wanaota Tanga, Usambara, Uluguru, Nguru na sehemu chache za Kenya, na makazi yao yanapungua kadiri misitu inavyokatwa. Kwa hiyo usikubali mmea unaosemekana umechimbwa msituni, hata ukipewa bure. Unaofaa ndani ya nyumba ni ule uliozaliwa kitaluni, ambao umeshachanganywa vizazi vingi ili uchanue zaidi na uvumilie maisha ya chungu.

Alikotoka mmea ndiko kunakokuambia gharama zake. Porini unashikilia mwamba uliofunikwa kuvumwani, chini ya kivuli, kwenye udongo mchache unaopitisha maji, katika hewa yenye unyevu. Mabatini mawe tunayo. Kivuli cha msitu ndicho tusichokuwa nacho. Kwa hiyo unahitaji chungu kidogo, cha upana wa sentimita 10 hivi kwa mmea mkubwa, maana mizizi yake ni mifupi na hupenda kubanana. Unahitaji udongo mwepesi. Unahitaji mwanga mwingi usio jua kali, na joto la kati ya nyuzi 18 na 26. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye bei kubwa. Na jambo moja zaidi kwa familia inayoishi chumba kimoja na mtoto anayetambaa: urujuani huu hauna sumu kwa mtu wala kwa paka.

Hatari yake kubwa ni mkono wa mwenyewe. Ukiumwagilia kila siku unaoza kitovuni, pale majani yote yanapoanzia. Gusa udongo kwa kidole: juu ukiwa mkavu, upe mmea maji, ukiwa na unyevu, ngoja. Maji yasiwe ya baridi, kwa sababu maji baridi yakidondokea majani huacha madoa ya rangi ya kahawia ambayo hayatoki tena. Yaliyolala ndani ya nyumba usiku mmoja yanatosha.

Wengine wanaogombea nafasi ile ile

Anturiumu ndilo linalovutia macho ya wengi, kwa sababu ya lile kopa jekundu linalong'aa. Asili yake ni Kolombia na Ekwado. Sehemu nyekundu ni jani lililogeuka rangi, na maua yenyewe ni yale madogo yaliyojipanga kwenye kijiti cha katikati. Kwa mnunuzi faida yake iko hapo, kwani jani hilo halinyauki upesi na moja linaweza kukaa wiki sita au zaidi. Likipata mwanga wa kutosha huendelea kutoa mapya mwaka mzima. Linavumilia joto kuliko urujuani. Lakini linahitaji hewa yenye unyevu, chungu kikubwa zaidi na udongo wenye vipande vikubwa vya mkaa au maganda ya miti, na kwa kawaida bei yake ya kuanzia iko juu. Kwa sebule yenye dari, mbali kidogo na dirisha, ni pesa iliyotumika vizuri. Utomvu wake una chembe za oksaleti zinazouma mdomo na koo, kwa hiyo likae mbali na mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

Spathifilamu, lenye majani mapana ya kijani na ua jeupe, ni la ukoo mmoja na anturiumu na lina utomvu wa aina ile ile. Ndilo linaloweza kuishi kwenye sebule yenye mwanga hafifu, ile ambayo kiganja chako hakikuacha kivuli cha maana. Kuishi na kuchanua ni mambo mawili, na gizani litakupa majani tu. Likikosa maji hulala lote, kisha ukilinywesha huinuka ndani ya saa chache, hivyo linamfaa anayejifunza. Likijaa chungu unaligawa mara mbili na unapata la pili bila kulipa. Wauzaji wengi husema linasafisha hewa ya nyumba. Chanzo cha habari hiyo ni utafiti wa NASA wa mwaka 1989 uliofanywa kwenye visanduku vilivyofungwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia majaribio ya miongo mitatu wakakuta kwamba ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu ili ifanye kazi inayofanywa na hewa inayopita dirishani. Kama muuzaji ameongeza bei kwa sababu ya kusafisha hewa, mwombe aipunguze. Kufungua dirisha ni bure.

Okidi ya aina ya Phalaenopsis ni zawadi nzuri, lakini kwa matumizi ya kila siku ni ghali. Maua yake hukaa miezi miwili hadi mitatu, kisha mmea hupumzika kwa muda mrefu. Ili uchanue tena unahitaji usiku wenye ubaridi kidogo kwa wiki kadhaa, mizizi inayopata hewa, na vipande vya magome badala ya udongo. Usiku wa Mwanza unafaa, hasa Juni na Julai. Chumba kilichofungwa madirisha yote kwa ajili ya usalama hakifai. Nikiwa na shilingi 60,000 na chumba cha kawaida, nitanunua urujuani wawili na anturiumu moja kabla ya kuifikiria okidi. Na okidi za porini ziachwe porini. Biashara ya okidi zote kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na misitu na nyanda zetu, kama Kitulo, tayari zinapoteza za kutosha.

Kalankoe huuzwa kikiwa kimejaa maua madogo mekundu, ya manjano au ya pinki, na mara nyingi ndicho cha bei ya chini kuliko vyote. Maua yake ya mara ya kwanza hudumu wiki sita hadi nane, nacho huvumilia kusahauliwa bila maji. Tatizo huja baadaye. Mmea huu huanza kutengeneza maua pale tu usiku unapokuwa mrefu, saa 14 hivi za giza kamili, kwa wiki kama sita. Hapa karibu na Ikweta usiku ni saa 12 tu mwaka mzima, na taa ya chumbani ikiwaka hadi saa tano inazidi kuufupisha. Wengi hukitupa wakidhani kimechoka. Kifunike kwa boksi kila siku kuanzia saa 11 jioni hadi saa 1 asubuhi kwa wiki hizo sita, na kitachanua tena bila gharama yoyote isipokuwa boksi na kumbukumbu yako. Kama unajijua kwamba hutakumbuka, kihesabu kama ua la kununua mara moja.

Impatiensi nalo ni la kwetu. Mwaka 1882 lilitangazwa kule Kew, Uingereza, kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Hulipi kitu ukiwa na jirani mkarimu: tawi la urefu wa kidole kwenye glasi ya maji hutoa mizizi ndani ya wiki mbili hivi. Huchanua karibu bila kupumzika. Linakunywa maji sana, na siku moja ya joto bila maji hulilaza chini. Linamfaa nani? Mtu aliyepo nyumbani mchana, na mwenye dirisha linalopitisha hewa.

Sasa yule mwenye bati tupu na dirisha la magharibi. Huyu ndiye anayepoteza pesa nyingi kuliko wote, kwa sababu huuziwa maua ya kivuli kama kila mtu. Anayohitaji ni mawili. La kwanza ni yuforbia ya miiba, asili yake Madagaska, ambayo hupenda jua na joto, huchanua karibu mwaka mzima, na inaweza kukaa siku kadhaa bila tone la maji. La pili ni waridi la jangwani, mmea wa nchi kavu za Afrika na Uarabuni wenye shina nene linalohifadhi maji. Ukigawanya gharama kwa miezi ya maua, yuforbia huenda ikawashinda wote waliotajwa hapa, urujuani ukiwemo. Lakini zote mbili zina utomvu mbaya. Wa yuforbia huwasha ngozi na macho, na utomvu wa waridi la jangwani ndio ambao Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huutumia kama sumu ya mishale. Weka barazani au dirishani juu, nawa mikono baada ya kukata tawi, na kama una mtoto mdogo na chumba ni kimoja, acha kabisa.

Gharama za kila mwezi

Umeme unahesabika vizuri. Tuseme chumba chako ni cha kiza na umeamua kuwasha taa ya LED ya wati 9 juu ya urujuani, sentimita 25 hivi kutoka kwenye majani, kwa saa 12 kila siku. Kwa siku 30 utatumia uniti 3.24. Mteja wa TANESCO wa kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti, na ukiongeza VAT na tozo za REA na EWURA inafika karibu 356. Taa hiyo itakugharimu takribani 1,150 kwa mwezi, sawa na 13,800 kwa mwaka. Aliye kundi la D1, anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hulipa 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na taa ile ile haifiki 400 kwa mwezi. Angalizo kwa D1: ukivuka 75, kila uniti ya ziada ni 350. Kama luku yako tayari iko kwenye 73 au 74 kila mwezi, taa ya ua itakuvusha. Na kama mita ni ya wapangaji wote, zungumza na wenzako kabla, kwa sababu taa inayowaka mchana huleta maneno hata ikitumia uniti tatu tu.

Taa hiyo ikipandisha gharama ya mwaka hadi karibu mara mbili ya bei ya kwanza, ni afadhali kulipeleka ua kwenye dirisha zuri la ndugu au kuchagua spathifilamu.

Maji hayana uzito kwenye bajeti. Urujuani mmoja hunywa kama lita moja kwa mwezi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ingetosha mwaka mzima na zaidi. Tena hapa tuna bahati ya pekee: maji ya Ziwa Victoria yana chumvi chache, na hayaachi utando mweupe mwingi juu ya udongo. Maji ya bomba yaache wazi usiku mmoja ili klorini ipungue. Ya kisima yachunguze, kwa sababu mengine yana chumvi, na ukiona utando mweupe kwenye ukingo wa chungu rudi kwenye bomba. Ya mvua kutoka kwenye bati ni mazuri sana, ukiacha dakika za kwanza za mvua zioshe vumbi la paa.

Sahani ya chini ya chungu imwagwe nusu saa baada ya kumwagilia, mizizi isioze na mbu wasipate pa kuzalia. Anayesafiri kwenda Magu au Sengerema kwa wiki mbili atumie utambi: uzi wa nailoni au kipande cha soksi ya kike, ncha moja ndani ya udongo na nyingine ndani ya chupa ya maji iliyozibwa mdomo. Urujuani huupenda mtindo huu kiasi kwamba unaweza kuutumia siku zote, mradi udongo uwe mwepesi.

Kwenye udongo ndipo Mwanza inapokuwa na nafuu kuliko vitabu. Vitabu hutaja mboji ya Ulaya na perlaiti, ambazo zikipatikana hapa huja kwa bei ya mbali. Sisi tuna mashine za kukoboa mpunga, na maganda ya mpunga hurundikana nje. Yakichomwa nusu hadi yawe meusi bila kuwa majivu, hufanya kazi ya perlaiti vizuri. Moshi wake ni mwingi, kwa hiyo usichome kwenye uwanja wa wapangaji. Badala yake tumia chenga za mkaa zilizochekechwa, zile anazofagia muuza mkaa jioni. Changanya mafungu mawili ya mboji iliyooza vizuri na kuchekechwa, fungu moja la chenga au maganda, na fungu moja la mchanga mnene. Mwagia maji yanayochemka kuua vijidudu, acha upoe, panda. Samadi ya ng'ombe inafaa ikiwa tu imekaa miezi hadi haina harufu.

Swali la gugu maji huulizwa na watu wa ziwani, na ni la haki, kwa kuwa ua lake la zambarau linapendeza na mmea ni wa bure. Usililete nyumbani likiwa hai. Lilitoka Amerika Kusini, likaonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo limefunga mialo na kukwamisha mitumbwi. Kipande kimoja kikitupwa mtaroni wakati wa mvua, Mirongo itakirudisha ziwani. Likishakaushwa na kuozeshwa kabisa, mboji yake inafaa kwa maua.

Chungu cha udongo wa kufinyanga hupoza mizizi kwa sababu maji hupenya na kukauka nje, na kwa chumba cha joto kina thamani ya tofauti ya bei. Cha plastiki hushika maji muda mrefu, hivyo kinamfaa anayesahau. Kopo la rangi lililotobolewa chini linatosha kwa yuforbia. Kwa urujuani ni kubwa mno. Mbolea ya NPK unaweza kupimiwa kidogo kwenye duka la pembejeo: robo kijiko cha chai ndani ya lita mbili za maji, mara moja kila wiki tatu, udongo ukiwa tayari na unyevu. Usinunue UREA kwa ajili ya maua, maana itakupa majani. Maji ya kuoshea dagaa, ambayo wengine huyasifu, yaende kwenye mgomba wa nje. Ndani ya chumba huita nzi na paka, na harufu haiondoki.

Siku ya kununua, geuza majani utazame chini yake. Vitu vyeupe vya pamba kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata, na mmea mmoja wenye vidung'ata utaambukiza yote uliyonayo. Mmoja mmoja hufa kwa pamba iliyochovywa spiriti, lakini kwa nini ulipie tatizo? Kama mmea umesafiri kwa basi kutoka Arusha au Dar es Salaam, uliza umefika lini, na upendelee uliokwisha kaa kwa muuzaji wiki mbili ukiwa bado imara. Chagua wenye machipukizi mengi yaliyofumba kuliko uliochanua wote, kwa sababu maua yaliyofunguka muuzaji ndiye aliyeyafaidi.

Na kabla ya kulipa, uliza kama kuna mtu unayemjua mwenye urujuani tayari, kwa sababu jani moja linatosha. Kata jani la afya, la safu ya katikati, pamoja na kikonyo cha sentimita tatu, likate kwa mshazari, lichomeke kwenye mchanganyiko ule ule wenye unyevu, kisha lifunike kwa chupa ya maji iliyokatwa ili unyevu usipotee. Mizizi hutoka baada ya wiki tatu au nne, na vimea vidogo huchungulia pembeni mwa kikonyo baada ya miezi miwili au mitatu. Ukianza Machi, mvua za masika zikiwa zimelainisha hewa, unaweza kuvitenganisha Julai na kuona maua ya kwanza Desemba au baada ya hapo kidogo. Jani moja hutoa vimea vitatu, vinne, wakati mwingine zaidi. Kimoja kibaki kwako, kingine kirudi kwa aliyekupa jani endapo wake utaharibika, na yeyote utakayempa kingine umwambie dirisha lake linatazama wapi na jua litaingia mwezi gani.